Dawa ya kufunga tumbo isiwe ya kwanza kuulizwa

Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua. Kila masika yanaposhika Dar es Salaam, mitaro ikafurika na wasio na aibu wakapata mwanya wa kutapisha vyoo usiku, maduka ya dawa kuanzia Tandale hadi Mbagala hujaa ombi moja: "Naomba dawa ya kufunga tumbo." Mteja hataji umri wa mgonjwa. Hasemi kama kuna damu, homa au kutapika. Na mara nyingi mno haulizwi. Anafungiwa kwenye kibahasha Flagyl, loperamide, Buscopan na antibayotiki juu yake, analipa, anakwenda. Pakiti ya ORS, yaani unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, ambayo ni rahisi kuliko vyote hivyo, inabaki rafu ya chini.

Neno "kufunga" ndilo linalotupoteza. Anayeharisha hauawi na choo kutoka. Anauawa na maji na chumvi zinazotoka pamoja nacho. Ukiziba njia bila kurudisha maji hujamtibu mtu, umemfichia tatizo. Kwa hiyo tuanze na ile rafu ya chini.

Ndani ya utumbo mdogo kuna milango ambayo chumvi hupita ikiwa imeshikana na glukozi. Zikipita pamoja, maji huzifuata. Milango hiyo hubaki ikifanya kazi hata utumbo ukiwa umevamiwa na kipindupindu, na hapo ndipo ORS ilipojengwa. Pakiti ya lita moja ina chumvi ya kawaida gramu 2.6, glukozi gramu 13.5, kloridi ya potasiamu gramu 1.5 na sitrati ya sodiamu gramu 2.9. Fomula ya zamani ilikuwa nzito zaidi. Mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani na UNICEF waliipunguza makali, na watoto wakawa wanatapika kidogo na kutoa choo kidogo kuliko awali. Vipimo hivyo vimepangwa. Ukivigusa unaviharibu.

Na vinaguswa kila siku, tena na chupa ya maji. Chupa nyingi zinazouzwa mitaani kwetu ni za nusu lita au lita moja na nusu. Mama ananunua ya nusu lita, anamimina pakiti nzima ya lita moja, anatikisa, anampa mtoto. Hapo chumvi na sukari zimekuwa mara mbili ya zinazotakiwa. Mchanganyiko mzito namna hiyo huvuta maji kutoka mwilini kuyaleta utumbo, mtoto anazidi kuharisha, na sodiamu ikipanda sana kwenye damu anaweza kupata degedege. Mwingine anatumia chupa ya lita moja na nusu; huyo amepata maji yenye chumvi pungufu. Njia nyepesi ni kununua chupa mbili za nusu lita, kuzimimina zote kwenye jagi safi lenye mfuniko, kisha kumwaga pakiti nzima na kukoroga hadi isionekane chenga. Kabla ya hapo soma pakiti yenyewe, kwa sababu zipo za nusu lita na za mililita 200 pia. Usigawe pakiti nusu leo nusu kesho: unga haukai sawasawa ndani, na ukishafunguliwa unavuta unyevu wa hewa ya Dar ukagandamana. Pakiti ambayo unga wake umekuwa bonge la rangi ya kahawia ni ya kutupa.

Maji yawe yamechemshwa na kupoa kabla ya kuchanganya. Ukichemsha baada ya kuchanganya, maji yanapungua, chumvi inabaki palepale. Usitie sukari ya kuongeza utamu, usichanganye na juisi, maziwa wala soda. Kilichobaki baada ya saa 24 kimwagwe.

Sasa unyweshaji, maana hapa ndipo wengi wanapokata tamaa. Mtoto wa miezi tisa ametapika mara tatu, midomo imekauka, ana kiu. Mama anampa kikombe kizima, mtoto anakigugumia chote, na baada ya dakika mbili kinarudi chote kwenye khanga. Mama anasema ORS "inamkataa". Haimkatai. Tumbo lililokasirika likijazwa ghafla hurudisha. Mkalishe mtoto akiwa ameinuka kidogo, chukua kijiko cha chai, mpe kijiko kimoja kila dakika moja au mbili. Akitapika, subiri dakika kumi, rudi na kijiko, safari hii polepole zaidi. Ni kazi ya kuchosha mkono; kijiko cha chai ni mililita 5, kwa hiyo mililita 100 ni vijiko ishirini. Lakini hata mtoto anayetapika, sehemu kubwa ya anachopewa hivi hubaki tumboni. Chupa ya kunyonyea haifai hapa.

Kiasi: mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 baada ya kila choo cha maji, yaani robo hadi nusu ya kikombe cha chai. Wa miaka miwili hadi kumi apewe mililita 100 hadi 200. Mkubwa anywe kadiri anavyotaka, na atake zaidi. Mtoto wa ziwa aendelee kunyonya, tena mara nyingi kuliko kawaida. Aliyeanza kula aendelee kula. Ile kauli ya "lipumzishe tumbo" tunaisikia hata kwa watu waliosoma. Utumbo hupona kwa kulishwa.

Na mzazi aambiwe mapema kwamba ORS haikatizi kuharisha. Choo cha maji kinaweza kuendelea siku tatu, nne, mtoto akiwa anapona. Asipoambiwa, kesho asubuhi amerudi dukani kudai "dawa yenyewe".

Pakiti zikikosekana, lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu, si kichuguu. Mchanganyiko huu hauna potasiamu, basi mtoto anayekula aongezewe ndizi mbivu. Onja: ukiwa na chumvi kuzidi machozi, umekosea, mwaga uanze upya. Madafu ni mazuri kwa potasiamu lakini sodiamu yake ni ndogo, hayatoshi peke yake. Soda ni balaa: kola ina takribani gramu 10 za sukari katika mililita 100, wakati ORS ina gramu 1.35. Na ile glukozi ya unga ya kwenye boksi, ambayo wengi huipeleka kwa mgonjwa kama zawadi, si ORS. Ni sukari bila chumvi, na ikizidi inaongeza kuharisha. Majani ya mpera hatuyapigi vita, ili mradi kijiko cha ORS hakisimami.

Mwenza wa ORS ni zinki. Kidonge cha miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14, kwa mtoto wa miezi sita na kuendelea. Wa chini ya hapo nusu kidonge. Kiweke kwenye kijiko, tia maziwa ya mama au maji safi kidogo, kiyeyuke, mpe. Kina ladha ya chuma, hivyo apewe akiwa hana njaa kali. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia. Kosa la kawaida ni kuacha siku ya tatu choo kinapokaza. Zinki inasaidia utumbo kujijenga na kupunguza nafasi ya mtoto kuharisha tena miezi miwili mitatu ijayo, na kazi hiyo haimaliziki kwa vidonge vitatu.

Tuje sasa kwenye vilivyomo ndani ya kile kibahasha.

Loperamide ni dawa halali ikimkuta mtu wake: mtu mzima, choo cha maji, hakuna damu, hakuna homa, ana safari ya basi hadi Dodoma. Anaanza na vidonge viwili vya miligramu 2, kisha kimoja baada ya kila choo cha maji, na kwa anayejinunulia mwenyewe asizidishe miligramu 8 kwa siku, yaani vidonge vinne. Inachofanya ni kupunguza mwendo wa utumbo. Ndiyo maana penye damu au homa ni hatari: vimelea na sumu zao vinafungiwa ndani, utumbo mpana unaweza kuvimba na kupooza. Kwa mtoto mdogo usiitoe kabisa. Utumbo wake unaweza kusimama, tumbo likajaa kama ngoma, maji yakaendelea kuvuja ndani bila kutoka nje. Mzazi anaona nepi kavu anafurahi, kumbe mtoto anakauka. Dozi kubwa kupita kiasi huvuruga mapigo ya moyo, hilo nalo lisemwe.

Flagyl, au metronidazole, imekuwa kama chumvi ya mezani: tumbo likikata, Flagyl, likijaa gesi, Flagyl. Dawa hii inaua vimelea vya amiba na jiadia, na bakteria wasiopenda hewa. Kwa virusi, ambavyo ndivyo chanzo cha kuharisha kwa watoto wengi, haina kazi. Kwa kipindupindu haina kazi. Na hata pale penye amiba, vidonge sita havimalizi kitu: dozi ya mtu mzima ni mara tatu kwa siku kwa siku tano hadi kumi, kulingana na ugonjwa. Anayemeza viwili vya asubuhi akaacha anapata kichefuchefu na mdomo wa shaba, basi. Maelekezo ya dawa yanakataza pombe wakati wa dozi na angalau siku mbili baada ya kuimaliza.

Antibiyotiki nyingine, hasa ciprofloxacin, zina nafasi yake penye choo cha damu, kwa maelekezo ya mtabibu, kwa siku chache zilizohesabiwa. Kuzitoa kwa kila choo cha maji ni kuwafundisha bakteria wa mji huu namna ya kuzikwepa. Tena antibiyotiki zenyewe huharisha. Mtu anayemeza amoxicillin na clavulanate kwa ajili ya kifua, siku ya tatu akaanza kuendesha, hana haja ya Flagyl. Anahitaji kuulizwa anatumia dawa gani. Mwenye kisukari aliyeanza metformin vivyo hivyo: aimeze katikati ya chakula, na dozi ipandishwe taratibu na daktari wake.

Choo kinachomwagika kama maji ya mchele, bila maumivu makubwa, mgonjwa akilegea ndani ya saa chache, hicho hakina mjadala wa kaunta. Mlipuko wa kipindupindu wa Agosti 2015 ulianzia hapa hapa Dar es Salaam. Mgonjwa wa namna hiyo anaweza kupoteza hadi lita moja kwa saa. Apewe ORS njiani huku anapelekwa kituo cha afya, si kwanza alale aone asubuhi.

Dalili nyingine za kuondoka nyumbani mara moja ni hizi: mtoto amelegea au ni mzito kuamka, macho yamedidimia, analia bila machozi, hajakojoa kwa saa sita, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, utosi umezama, hawezi kunywa au anatapika kila kitu. Na damu kwenye choo kwa umri wowote.

Kutapika nako kuna mtego wake. Kwa Dar es Salaam, mtu anayetapika akiwa na homa apimwe malaria kabla ya kupewa dawa ya kuzuia. Kutapika kila kitu ni dalili ya hatari kwa malaria, kwa homa ya uti wa mgongo, kwa maambukizi ya mkojo ya mtoto. Ukimnyamazisha kwa kidonge umezima king'ora, moto unaendelea. Mjamzito, mwenye kisukari na aliyepigwa kichwani, nao kutapika kwao kuna maana tofauti na kwa mtu aliyekula mishikaki iliyolala. Matapishi ya kijani kwa mtoto mchanga ni ya hospitali, usiku huohuo.

Dawa inayoombwa zaidi ni metoclopramide, wengi wanaijua kwa jina la Plasil. Mtu mzima anameza miligramu 10, si zaidi ya mara tatu kwa siku, si zaidi ya siku tano. Mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe, na watoto kwa jumla wapewe na daktari tu. Sababu ni jambo ambalo tungependa kila msomaji alikumbuke. Dawa hii inaingia kwenye ubongo, na kwa baadhi ya watu, hasa watoto na wasichana, inakaza misuli bila hiari yao. Shingo inapinda upande mmoja na kukataa kurudi. Macho yanageuka juu, yanabaki weupe. Ulimi unatoka nje au taya linakaza, maneno hayaeleweki. Akili yake ni timamu, anasikia kila kitu, lakini anavyoonekana jirani wa kwanza atasema amepandwa na mashetani. Wapo wanaokimbizwa kwenye maombi na kwenye visomo huku tiba iko kwenye chumba cha dharura: sindano ya dawa ya kulegeza hali hiyo, na shingo hunyooka ndani ya dakika chache. Dua isomwe, ila njiani kuelekea hospitali, na ile pakiti ya vidonge ibebwe ikaonyeshwe. Mtu aliyewahi kupata hali hii asipewe tena dawa hiyo maisha yake yote.

Promethazine, yaani Phenergan, inatuliza kichefuchefu na inalaza. Chini ya miaka miwili ni marufuku kwa sababu inaweza kukandamiza pumzi hadi mtoto afe. Tunalisema hili kwa ukali kwa kuwa kuna wazazi na wadada wa kazi wanaompa mtoto kijiko ili alale. Mkubwa aliyeimeza asiendeshe bodaboda siku hiyo. Ondansetron inalaza kidogo kuliko hiyo, na kwa mtoto anayetapika kila kijiko cha ORS, daktari anaweza kumpa dozi moja tu, miligramu 2 kwa mwenye kilo 8 hadi 15, miligramu 4 kwa kilo 15 hadi 30, ili ORS ikae. Dozi moja, si chupa ya wiki nzima. Hiyo nayo inaweza kufunga choo na kuumiza kichwa.

Wasafiri wa boti ya Zanzibar wanaikosea saa ya kumeza dawa ya kichefuchefu. Ukishaanza kuhisi mate yanajaa mdomoni, tumbo limeshapunguza kazi, kidonge kitakaa humo bila kufyonzwa au kitarudi. Kama boti inaondoka saa moja asubuhi, promethazine ya miligramu 25 imezwe usiku wa kuamkia au saa kumi na moja alfajiri. Ondansetron haisaidii kichefuchefu cha safari. Buscopan si dawa ya kuzuia kutapika. Ni ya misokoto ya tumbo, haifiki kwenye ubongo kunakoamriwa kutapika, na kwa kuwa inapunguza mwendo wa utumbo haina kazi kwenye kibahasha cha mtu anayeharisha damu.

Mjamzito aanze na chakula kidogo kidogo kabla hajainuka kitandani, tangawizi, na vitamini B6 miligramu 10 hadi 25 mara tatu kwa siku kwa ushauri wa kliniki. Akishindwa kuweka hata maji, au mkojo umekuwa mweusi na haba, hiyo si "mimba changa" ya kuvumiliwa. Na yule aliyetapika ndani ya saa mbili baada ya kumeza kidonge cha dharura cha uzazi wa mpango arudie kidonge, maana hilo haulizwi na mtu.

Upande wa pili wa kaunta yuko anayetaka kufunguliwa. Kukosa choo siku moja si ugonjwa. Chini ya mara tatu kwa wiki, kwa kujikamua, choo kikiwa kama gololi za mbuzi, hapo tuongee. Kwanza maswali: unatumia dawa gani? Vidonge vya FEFO vya wajawazito, vyenye madini ya chuma na foliki asidi, hukausha choo na kukitia weusi. Dawa za vidonda vya tumbo zenye aluminiamu, codeine, tramadol, amitriptyline, zote zinafunga. Mgonjwa wa saratani anayeanza mofini aanze siku hiyohiyo na dawa ya kulainisha choo, asingoje. Udongo wanaokula wajawazito nao unafunga, tena unazuia madini ya chuma ya FEFO yasiingie mwilini, ikawa hasara mara mbili. Baada ya hapo ndipo tuzungumzie maji, maharage, mchicha, papai, dona badala ya sembe, na kuitika wito wa choo unapokuja, si kuubana kwenye foleni ya Ubungo hadi utoweke.

Dawa ziko za tabia tofauti, na kinachoharibika ni kutozijua. Laktulozi, mililita 15 mara mbili kwa siku, inachukua hadi siku mbili kufanya kazi. Anayeitupa kesho yake amepoteza fedha. Gesi ya siku za mwanzo ni kawaida. Bisacodyl ya miligramu 5, kimoja au viwili, imezwe usiku wakati wa kulala, asubuhi inaita. Kidonge hicho kimevikwa gamba ili kisiyeyuke tumboni bali utumbo mpana. Ukikitafuna, ukikisaga, au ukikimeza na maziwa au dawa ya kiungulia, gamba linayeyuka mapema na tumbo linakukata vibaya. Acha saa moja kati yao.

Vidonge vya kuweka njia ya haja kubwa vina vituko vyake. Vinayeyuka kwenye joto letu, basi vikiwa laini vitumbukize kwenye maji baridi vikiwa bado ndani ya ganda lake. Kisha ganda litolewe! Mgonjwa alale ubavu wa kushoto, akunje mguu wa juu, kiingizwe ncha mbele hadi kipite msuli wa mlangoni, takribani kina cha pingili moja ya kidole, abane kwa dakika kumi na tano hadi ishirini. Vya gliserini ni gramu 1 kwa mchanga, gramu 2 kwa mtoto, gramu 4 kwa mkubwa. Kile kipande cha sabuni cha bibi kinachubua, kiachwe. Na mtoto anayenyonya maziwa ya mama tu, aliyepita wiki sita, anaweza kukaa hata siku saba bila choo akiwa mzima kabisa, ili mradi anacheza, ananyonya, na kikitoka ni laini.

Sanamaki na chumvi ya haluli ndizo tunazozihofia zaidi, siyo kwa ubaya wake bali kwa mazoea ya "kusafisha tumbo" kila Jumapili, na siku hizi kwa chai za kupunguza mwili ambazo nyingi zina sanamaki ndani. Ukijiharisha hadi utumbo ukabaki mtupu, unahitaji siku mbili hadi tatu kujaa tena. Katika siku hizo hupati choo, unadhani umefunga, unakunywa tena. Potasiamu inashuka, misuli ya utumbo inalegea, sasa unafunga kwelikweli. Mafuta ya mbarika kwa mjamzito yanaweza kuamsha uchungu, yasiguswe.

Kuna mgonjwa mmoja anayeunganisha pande zote mbili za kaunta, na ndiye anayekosewa kuliko wote: mzee aliyelala kitandani, hajapata choo wiki nzima, ghafla anaanza kuchafua shuka kwa majimaji kidogo kidogo. Familia inakuja kuomba dawa ya kufunga. Huyu haharishi. Choo kigumu kimeziba chini, majimaji ya juu yanapenya pembeni yake. Ukimpa loperamide umeweka kizibo juu ya kizibo. Ukimpa dawa kali ya kuharisha kwa mdomo anakatwa na tumbo bila njia. Anahitaji muuguzi amchunguze, kizibo kilainishwe na kutolewa kutokea chini. Swali moja tu, "mara ya mwisho alipata choo cha kawaida lini?", linatosha kumtambua.

Anayetapika, tumbo limevimba, hatoi choo wala upepo, asipewe dawa yoyote ya kufungua; utumbo unaweza kuwa umeziba au kujisokota. Maumivu makali upande wa kulia chini, vivyo hivyo. Na aliyepita miaka 50 ambaye choo chake kimebadilika wiki kadhaa, kuna damu au anakonda, aonwe na daktari, asitibiwe na rafu.

Kwa wenzetu wa famasi na maduka ya dawa muhimu tuna ombi moja la bei ndogo: kopo la lita moja lenye mistari ya vipimo, kijiko cha chai na pakiti moja ya ORS iliyofunguliwa kwa ajili ya kuonyesha, vikae kaunta miezi yote ya mvua. Na kwako, Mhariri, kama nafasi inaruhusu, kona ya ukurasa yenye mchoro wa chupa mbili za nusu lita, pakiti moja ya lita moja, na mkono ukimimina.

Wafamasia watatu,
Temeke, Dar es Salaam